Mizani ya Jikoni

Saa kumi alfajiri, Puno, baridi ya Juni
inang'ata masikio kama mbwa asiye na mwenyewe.
Tuko foleni ya tiketi za chakula, watu mia sita na ushee,
tiketi mia nne na hamsini. Hesabu mnaijua.
Yeny Ccallata kajifunika blanketi la mama yake,
anasoma kwa tochi ya simu,
anakariri misuli ya paja la ng'ombe
(yeye ni wa udaktari wa mifugo),
misuli ambayo, asema, hajakutana nayo
kwenye sahani tangu Machi.

Supu ilikuwa maji yaliyosimuliwa habari za nyama.
Wali ulishikamana kuliko chama chetu cha wanafunzi.
Kiazi kimoja, cheusi kwa ndani,
na Ijumaa samaki wa kopo
mwenye ladha ya kopo.
Mwenye njaa hana miiko: tulikula,
tukailaani mikono iliyopika.

Ndipo tukachaguliwa watatu,
Fredy Huaquisto wa uhasibu, Yeny, na mimi,
tukapewa makoti meupe na ruhusa ya kuingia jikoni
kukagua.
Neno hilo nililitafuna njia nzima
kama mtu aliyepewa cheo.
Tuliazima mizani ya maabara ya kemia,
ile inayopima hata chumvi ya jasho.

Eusebia Tacuri hakuinua kichwa.
Mkono wake ulikuwa sufuriani hadi kwapani,
sufuria ya kumzamisha ndama.
"Mmekuja kunipima?" akasema. "Anzeni na hili."
Akafungua droo ya visu
akatoa daftari la shule, jalada limelowa mafuta.
Miaka kumi na mmoja ya mwandiko wa penseli:

Jumatatu. Nyama. Mkataba kilo tisini.
Zimeshushwa thelathini na nne, mifupa humohumo.
Jumanne. Karoti magunia matatu, moja limeoza.
Jumatano. Maziwa hayakuja. Dereva kasema barabara.
Jumatano. Maziwa hayakuja. Dereva hakusema.

Na pembeni, kwa herufi za kujificha:
Nimeongeza maji. Mnisamehe.

Fredy aliketi juu ya gunia la vitunguu
akajumlisha mpaka penseli ikakatika.
Na mimi, mtunga mashairi wa bwenini,
niliyedhani mizani ni kuhesabu silabi tu,
niliitazama ile yetu ya kioo mezani
inasoma sifuri,
inapepesa.

Hatukuandamana. Tulinakili daftari,
kurasa mia mbili na kumi na mbili,
tukazipanga ofisini kwa bwana Zenobio Larico, moja moja,
mpaka akakosa pa kuweka kikombe.
Alisema bajeti.
Yeny akasema paja la ng'ombe.
Alisema taratibu.
Yeny akaanza kuitaja misuli, mmoja baada ya mwingine,
kwa majina yake ya kitabuni, bila haraka,
na alipofika wa saba
mzee akaomba kalamu.

Msidhani kulikucha mara moja.
Mzabuni aliondolewa, akaja shemeji yake.
Ila huyu tunampokea mlangoni
kwa mizani ya chuma ya kupimia sufi ya alpaka,
wanafunzi wawili wawili, zamu ya saa kumi na moja,
mafua juu.
Kinoa inatoka kwa wakulima wa Cabana;
Eusebia aliiomba hiyo peke yake,
akakataa koti jipya.
Wali? Wali ungali unashikamana.
Foleni nayo bado ndefu.
Lakini juzi nilimwona mvulana wa mwaka wa kwanza
akiinamisha bakuli, akilikwangua kwa mkate,
kisha akatazama huku na huku
kama aliyeiba.

Leo ni zamu yangu. Baridi ileile.
Eusebia kanipa penseli, mikono yake ina unga.
Naandika: Alhamisi. Nyama, kilo themanini na tisa.
Nafunga daftari.
"Na ile moja?"
Dereva anatazama viatu vyake.
"Kilo moja tu, mama."
"Fungua," ananiambia.
"Iandike na hiyo."